Mstari Namba 4412

Nchi hii ina jina, lakini Kamati ya Kupitia Upya Jina la Nchi haijamaliza kazi, kwa hiyo kwa sasa tuiite Nchi. Iko pale pale ilipokuwa mwaka jana. Ina bendera, wimbo, mawaziri arobaini na tisa, na kompyuta moja.

Kompyuta hiyo inaitwa Kabati, kwa sababu inafanana na kabati. Ilinunuliwa enzi za rais wa kwanza na haijazimwa hata siku moja. Si kwamba ni imara sana, ila hakuna anayejua kama ikizimwa itawaka. Inaandika kwa herufi za kijani kwenye skrini nyeusi. Ndiyo inayotoa vyeti vya kuzaliwa, inayowasha taa za barabarani na kufungua maji katika kila kata. Kila kazi ina programu yake, na kila programu ni maelfu ya mistari yenye namba, iliyoandikwa kwa lugha ambayo vyuo viliacha kuifundisha zamani. Wanaoijua lugha hiyo katika Nchi nzima walikuwa wanne. Mmoja alikufa, wawili wamestaafu. Aliyebaki ni Tunu Mbaruku, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye diploma ya chuo cha ufundi na asiyependa maneno mengi.

Tunu ana mtoto mmoja, Sikudhani, wa miaka kumi na moja, ambaye figo zake ziligoma. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hupelekwa zahanati ya kata yao ya Mitopetope, akaunganishwa na mashine kwa muda wa saa nne. Damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Mashine hiyo inakunywa maji kuliko ng'ombe. Sikudhani akikosa siku moja, anavimba uso. Akikosa mbili, anapumua kwa shida. Tatu hajawahi kukosa, na Tunu hana haja ya kuambiwa kinachofuata.

Inafaa msomaji ajue kwamba programu za Kabati hazibadilishwi ovyo. Zamani zilikuwa zinabadilishwa ovyo, hadi siku maofisa wawili walipofungua programu ile ile kwa wakati mmoja. Kila mmoja akarekebisha ya kwake, wa pili akahifadhi juu ya kazi ya wa kwanza, na chanjo za ng'ombe zikapelekwa shule za msingi. Tangu siku hiyo likawekwa Daftari. Anayetaka kubadilisha programu anaikopa na kutia saini. Akimaliza anairudisha na kutia saini. Programu iliyokopwa haiguswi na mtu mwingine. Ulikuwa utaratibu mzuri, na ungeendelea kuwa mzuri kama watu wasingekufa.

Serikali nayo haikulala. Iliunda Kamati ya Kuchagua Mfumo wa Kutunza Programu na Kusimamia Mabadiliko. Kamati ilikaa miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza ilichagua mwenyekiti, mwaka wa pili ikachagua viti. Kisha walikuja wauzaji watatu.

Wa kwanza alileta mfumo unaokumbuka kila kitu: nani kabadilisha nini, lini, na kwa amri ya nani. Wajumbe walitazamana. Waziri akauliza, "Hauwezi kukumbuka baadhi tu?" Muuzaji akasema hauwezi. Akasindikizwa hadi uwanja wa ndege.

Mfumo wa pili ulitaka kila badiliko lisomwe kwanza na mtu wa pili anayeelewa. Ulikataliwa kwa upungufu wa mtu wa pili.

Wa tatu ulikuwa na adabu. Kazi yake ilikuwa kukagua Kabati kila baada ya dakika kumi na kurudisha kila kitu kilivyokuwa jana. Majina uliyakumbuka pia, lakini ya watumishi wa daraja la chini tu. Wajumbe waliupenda papo hapo, wakaomba miaka minne ya kutafakari.

*

Shida ilianza kwa heshima. Rais alipita Mitopetope siku ya Alhamisi, akapigiwa ngoma, akafurahi, akaibadilisha kata jina. Kuanzia dakika ile ikawa Kata ya Shukrani kwa Mama, kwa kumbukumbu ya mama yake mzazi. Watu walishangilia. Vibao vilibadilishwa, mihuri ikabadilishwa, na Ijumaa jina jipya likaingizwa ndani ya Kabati.

Kumbe kila alfajiri, na kila mara inapobadilishwa, programu ya maji, iitwayo MAJI04, huuliza kila kata inaitwaje. Ikijibiwa "Mitopetope", inafungua valvu ya Mitopetope. Jumamosi ilijibiwa "Shukrani kwa Mama". Haikuwa na kata ya namna hiyo. Ikanyamaza, na mabomba nayo yakanyamaza.

Jumatatu, Tunu alipompeleka Sikudhani, Sista Machumu wa zahanati alimvuta pembeni.

"Mama Siku, tangi letu la juu linatufikisha Jumatano. Ijumaa sina kitu. Nina wagonjwa tisa."

"Ni mstari mmoja, Sista," alisema Tunu. "Naujua hadi namba yake. Ni 4412. Nabadilisha jina, nusu dakika."

"Basi kabadilishe."

Tunu alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ngwali, Mtunza Daftari, ambaye ana chumba chake, dirisha lake na kengele yake.

"Shikamoo, Mzee Ngwali."

"Marahaba, Bi Tunu. Leo uso umeukunja kama umekuja kunikamata."

"Nataka MAJI04."

Mzee alifungua Daftari, akalamba kidole, akapekua.

"Imekopwa."

"Na nani?"

"Shekuwe."

"Shekuwe alikufa, mwaka wa nne huu."

"Najua. Nilishika jeneza upande wa kichwa."

"Sasa?"

"Hajarudisha."

Tunu alimtazama. Mzee hakuwa anatania. Alikuwa anasikitika kwa dhati, kama mtu aliyeangushwa na rafiki.

"Mzee wangu, maiti atarudishaje programu?"

"Ndiyo maana nikaandika mahakamani. Usinione nimekaa hapa ukadhani mimi mzembe."

Mahakama ya Mirathi ilikuwa imelichukua jambo hilo kwa uzito. Hakimu aliona kwamba marehemu amefariki akiwa na kitu mikononi kwa saini halali, na kwamba kwa siku tisini hakuna aliyejitokeza kukidai. Akakiingiza kwenye mali ya marehemu: nyumba moja, shamba moja, baiskeli moja, MAJI04 moja yenye mistari elfu sita. Warithi wakagawana. Mistari 4001 hadi 5000 ilimwangukia mtoto wa mwisho, Shauri Shekuwe, kinyozi.

"Kalete ridhaa yake kwa maandishi," alisema Mzee Ngwali, akifunga Daftari taratibu, "na mimi sitakuwa na kinyongo."

*

Jumanne asubuhi Tunu alimkuta Shauri nyuma ya soko la mitumba. Alikuwa ananyoa. Ukutani, kati ya kioo na picha za mitindo ya nywele, hati ya mahakama ilikuwa imewekwa kwenye fremu ya dhahabu ya plastiki: *Mistari 4001–5000. Mmiliki halali.*

"Nimekuja kuomba ruhusa nibadilishe mstari wako mmoja," alisema Tunu bila kuzunguka.

Mashine ya kunyolea ilizimwa. Mteja alibaki amenyolewa upande mmoja.

"Hapana," alisema Shauri.

"Hujanisikiliza."

"Dada, sikiliza wewe. Kaka yangu mkubwa alipata nyumba. Dada yangu akapata shamba, lina minazi sitini. Mwingine akapata baiskeli na mistari elfu tano. Mimi nikaambiwa, Shauri, chukua elfu hii ya katikati. Watu walinicheka msibani, na chai ya msiba mkononi. Ndicho kitu pekee nilichoachiwa na baba. Sasa na wewe unataka kukigusa."

"Unajua mistari yako inafanya nini?"

Kinyozi alichukua kitana mezani. Akakifuta kwa shati lake.

"Sijui," alisema. "Nilipeleka nakala kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Akasema haisomeki."

"Mimi naisoma," alisema Tunu. "Mstari wa 4001 mpaka wa 4300 unahesabu kata zilizoamka. Wa 4412 unasema hivi: kata ikiwa ni Mitopetope, fungua. Baba yako aliuandika mwaka wa mafuriko, na pembeni ameweka maelezo: *Usifunge hapa, kuna zahanati.* Mwanangu anasafishwa damu kwenye zahanati hiyo. Sasa kata imepewa jina jipya, maji yamefungwa, na Ijumaa hakuna kitu."

"Mpe, bwana," alisema mteja. "Kichwa kinanipiga baridi huku."

"Nyamaza wewe." Shauri aliifuta fremu vumbi kwa kiganja. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yaani mzee aliniachia maji?"

"Alikuachia maji ya kata nzima."

"Na wale walinicheka."

"Walikucheka bure."

Alitia saini kwa kalamu ya Tunu, juu ya meza iliyojaa nywele, herufi moja moja. Kisha akakataa kupokea ahsante, akawasha mashine, na kumwambia mteja wake kwamba kuanzia leo ajue ananyolewa na mtu wa namna gani.

*

Jumatano Sikudhani alisafishwa kwa maji ya mwisho ya tangi. Tunu alimwacha na Sista, akaenda na ridhaa mkononi hadi kwa Mkurugenzi wa Usimamizi wa Mabadiliko, Dokta Pambo, maana ridhaa bila idhini yake haifungui Daftari. Huyu ni mtu mpole, mnene kidogo, ambaye tangu ateuliwe hajawahi kuruhusu badiliko lolote, na hivyo hajawahi kukosea.

"Bi Tunu!" alisema akiinuka. "Umekuja kunipongeza?"

"Kwa lipi, bosi?"

"Hujasikia? Kamati imechagua! Mfumo unazinduliwa Jumamosi, mgeni rasmi Waziri. Miaka kumi na moja, Bi Tunu. Wako wajumbe walioanza kazi hii wakiwa na nywele."

"Hongera. Nina ridhaa ya mrithi. Nataka kubadilisha mstari mmoja."

Dokta Pambo aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma, akausifu mwandiko, akairudisha.

"Kamili kabisa. Ungeileta jana."

"Kwa nini jana?"

"Leo saa mbili asubuhi tumeingia Kipindi cha Utulivu. Mfumo unapohesabu programu, programu zikae kimya. Huwezi kuhesabu watoto wanaokimbia. Hakuna badiliko lolote hadi uzinduzi upite."

"Mtoto wangu anasafishwa damu Ijumaa."

"Hawezi kusogeza siku?"

Tunu alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema jambo ambalo mtu hulisema mara moja tu kazini.

"Bosi," alisema, "figo hazina kalenda ya serikali."

"Nakuelewa kama mzazi. Nami nina watoto, wako nje ya nchi. Ipo Fomu ya Dharura." Aliitoa kwenye droo. "Inahitaji saini tatu: yangu, ya Waziri, na ya mwenye dharura mwenyewe, akithibitisha kwamba badiliko lisipofanyika atakufa. Hatuwezi kufanya kazi kwa uvumi. Waziri yuko safarini hadi Jumamosi, lakini hiyo ya mtoto unaweza kuianza."

Tunu aliichukua fomu. Nje, kwenye ngazi, aliisoma hadi mwisho. Kulikuwa na sehemu ya kujaza *tarehe inayotarajiwa ya kifo*. Chini yake, kwa herufi ndogo: *isiwe sikukuu*.

*

Ijumaa watu wa Mitopetope, au Shukrani kwa Mama, walileta maji kwa ndoo kutoka kata ya jirani. Walipanga foleni hadi kwenye ngazi ya tangi. Walioleta ndoo moja waliomba radhi kwa kuleta moja. Kufika saa sita mchana Sista Machumu alipima tangi kwa mti, akashuka, akakaa chini kwenye saruji.

"Yanatosha watu wawili," alisema.

Hakuna aliyeuliza wawili gani. Ndugu wa wagonjwa tisa walikuwa hapo wote, wanajuana, wamekopeshana kanga na chupa za chai kwa miaka. Mzee mmoja wa mashine ya tatu akasema yeye amekula chumvi ya kutosha, wapewe vijana. Mke wake akampiga begani, akaanza kulia. Sista akachagua walio katika hali mbaya zaidi. Sikudhani hakuwa mmoja wao. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo tu, macho yamekuwa membamba.

"Mama, nafanana na Mchina?" aliuliza.

"Unafanana na baba yako akiamka. Kaa hapa."

Saa tisa alasiri Tunu aliingia chumba cha Kabati. Mlangoni palikuwa na utepe mwekundu ulioandikwa UTULIVU. Aliunyanyua, akapita chini yake. Nenosiri lilikuwa limebandikwa ubavuni mwa Kabati, maana aliyelijua kwa kichwa alikuwa Shekuwe. Akafungua MAJI04, akashuka hadi 4412, akafuta neno moja na kuandika matatu. Maelezo ya pembeni aliyaacha kama yalivyo. Akahifadhi.

Ilimchukua sekunde ishirini na sita. Muda uliobaki katika ile nusu dakika aliutumia kutazama mlango.

Simu ikalia. "Mama Siku!" Sista alikuwa anapiga kelele. "Yamekuja! Yamekuja mpaka bomba la uani limeng'oka!"

Jioni ile wote tisa walisafishwa.

*

Jumamosi kulikuwa na hema, viti vya plastiki vyenye nguo nyeupe, na bendi ya magereza. Waziri alisoma hotuba kwa muda wa saa moja na robo. Alisema taifa lisilotunza mabadiliko yake ni taifa linalobadilika. Alisema kuanzia leo jana iko salama. Kisha akabonyeza kitufe.

Skrini kubwa ilisubiri kidogo, halafu ikaandika kwa herufi za kijani:

BADILIKO MOJA LISILOIDHINISHWA. MAJI04. MSTARI 4412. MHUSIKA: T. MBARUKU. LIMERUDISHWA.

Makofi yalivuma. Waziri alisimama. Dokta Pambo alifuta machozi kwa leso. Mjumbe mmoja wa Kamati alisema kwa sauti, "Unafanya kazi! Jamani, unafanya kazi!" na wakakumbatiana, wazee wazima, kama watu waliofunga bao. Bendi ikapiga.

Tunu alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Hakusubiri soda. Alikuwa anahesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mkurugenzi. Alitegemea polisi. Alikuta chai na andazi.

"Nimekusimamisha kazi, ni lazima," alisema Dokta Pambo, akimsogezea sahani. "Barua hii hapa. Sasa tuzungumze."

"Niidhinishie mstari, bosi. Uzinduzi umepita. Ridhaa ninayo. Ni neno moja."

"Bi Tunu, kaa." Alishusha sauti. "Waziri anataka ripoti kila wiki: mfumo umezuia mabadiliko mangapi. Kamati ilikaa miaka kumi na moja. Nikipeleka sifuri, wataniuliza tulinunua nini. Na katika Nchi nzima, mtu anayejua kubadilisha kitu ni wewe peke yako."

"Kwa hiyo niidhinishie."

"Nikikuidhinishia, nitaripoti nini?"

Tunu alimtazama huyu mtu aliyekuwa anamtazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mfumo unakagua kila dakika kumi?" aliuliza.

"Kila dakika kumi. Haukosei."

"Na katika dakika hizo kumi, mstari unakaa nilivyouandika?"

Dokta Pambo alitazama dirishani. "Mimi," alisema, "siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huwa nina vikao mbali na chumba cha Kabati. Ufunguo huwa nausahau hapo juu ya kabati la faili."

*

Saa nne za kusafisha damu ni dakika mia mbili na arobaini. Ni mara ishirini na nne. Tunu huingia, hukaa, huweka simu kati ya sikio na bega, na Sista Machumu akiwa upande wa pili. Anaandika mstari. Maji yanafunguka, tangi linaanza kunywa. Dakika ya kumi mfumo unakagua, unafuta, unaandika jina lake kwenye ripoti. Maji yanakatika. Anaandika tena. Kosa lake lina ratiba, na kufika mwisho wa mwezi wa pili alikuwa amevunja utaratibu mara mia sita na kidogo. Ripoti za Dokta Pambo zilipendeza. Waziri alimpandisha cheo. Gazeti la serikali liliandika kwamba hakuna mfumo duniani unaozuia mabadiliko kwa wingi kama wa Nchi, na nchi jirani ikaomba kuja kujifunza.

Walikuja Ijumaa, wajumbe saba wenye vitambulisho shingoni. Kwa heshima yao Dokta Pambo aliahirisha vikao vyake, akawaleta hadi chumba cha Kabati, akasimama mbele ya meza ya Tunu, kati ya Tunu na kibodi, akawageukia wageni.

Sikudhani alikuwa katika saa ya tatu ya kusafishwa. Tangi la zahanati siku hiyo lilikuwa na ufa, Sista alikuwa ameshamwambia. Maji hayakai, yanapita tu.

"Waheshimiwa," alianza Dokta Pambo, "badiliko ni kitu gani?"

Skrini iliandika: LIMERUDISHWA.

"Mama Siku," ilisema simu, "yamekatika."

"Bosi, samahani."

"Wengi hudhani badiliko ni adui. Sisi tulijiuliza, tukakaa, tukatafakari..."

"Mama Siku, mashine inalia. Ya mtoto inalia."

"Bosi, sogea."

"...na katika kutafakari kule, kwa miaka kumi na moja, tuligundua mambo makuu manne. La kwanza..."

"Mama Siku!"

Tunu aliinuka. Alimshika Mkurugenzi kiunoni kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha gunia la mchele lililowekwa njiani, akamnyanyua, akamweka kando. Akainama bila kukaa. Vidole vilikwenda vyenyewe. 4412. Akahifadhi, akashika simu kwa mkono, akafumba macho.

Nyuma yake wageni walipiga makofi, mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Haya," ilisema simu baada ya muda mrefu. "Yanakuja. Imenyamaza. Anapumua, Mama Siku, anakuuliza kama umekula."

"Mwambie nimekula," alisema Tunu, akakaa, akatazama saa, akaanza kuhesabu kumi nyingine.